Nilimwandika Binti Yangu "Amepona"

Jumamosi moja mchana nilimpigia simu binti yangu kumuuliza kama mgongo wake bado unauma.

Yeye alikuwa chumbani. Mimi nilikuwa sebuleni. Katikati yetu kulikuwa na ukuta na mlango usiofunga vizuri, kwa hiyo nilikuwa namsikia mara mbili, kwenye simu na nje ya simu.

Mke wangu akapita na ndoo ya nguo, akaniangalia, akaendelea na safari yake. Miaka kumi na moja ya ndoa imemfundisha kutouliza.

Usinicheke kwanza, ngoja nimalize. Simu ile ndiyo iliyomwokoa mtoto wangu asije akapooza. Na ndiyo iliyonionyesha mimi ni baba wa aina gani, jambo ambalo sikuwa na haraka ya kulijua.

Nianze mwanzo.

Mimi ni karani. Wakati huo nilikuwa kwenye kliniki ndogo ya mgongo: vyumba viwili, korido moja, na benchi refu la kusubiria. Bosi wetu kila mtu alimwita Fundi Mgongo. Kazi yake ni kunyoosha migongo kwa mikono. Anakulaza kifudifudi, anapapasa pingili moja moja, akifika kwenye ile isiyompendeza anaibana mpaka mlio unasikika. Unaamka umenyooka. Au unaamka tu.

Simsemi vibaya. Kazi aliisomea, cheti kipo ukutani, na nimeona kwa macho yangu watu wazima wanaingia wamepinda wanatoka wanatembea. Hata shingo yangu aliwahi kuitengeneza.

Lakini watoto ndio waliokuwa fahari yake.

Mtoto hawezi kukwambia maumivu yake ni saba kati ya kumi. Kwa hiyo tulikuwa na karatasi ya nyuso. Nyuso sita zimechorwa kwa mstari. Wa kwanza unacheka, huo ni sifuri. Wa mwisho unabubujikwa na machozi, huo ni kumi. Kabla ya kubanwa mtoto anashika uso mmoja, baada ya kubanwa anashika tena. Mimi kazi yangu kuandika namba mbili kwenye daftari: kabla na baada.

Sasa sikiliza utaratibu wetu vizuri, maana kesi yote iko hapa.

Fundi alikuwa na msimamo kwamba mtoto haondoki kwake na maumivu. Mtoto akishika uso unaolia baada ya matibabu, Fundi anamwambia kwa upole, "Pole mjukuu wangu, bado kidogo," anamrudisha kitandani, anambana tena. Halafu anamuuliza tena. Akishika unaolia, anarudiwa. Mpaka ashike unaocheka.

Wote waliishia kucheka.

Mimi nilikuwa naandika kwa penseli, ili namba ikibadilika nifute niweke mpya. Inabaki ile ya mwisho. Daftari langu lilikuwa safi, halina mkwaruzo, na wageni waliokuja walilisifu.

Kulikuwa na safu ya tatu: "hali ya mwisho". Mtoto asiporudi ndani ya mwezi mmoja, hapo nilikuwa naandika "amepona". Utaratibu huo nani aliuanzisha? Mimi. Nilijiambia kwamba aliyepona hana sababu ya kurudi kliniki. Haikunijia akilini kwamba aliyekata tamaa naye hana.

Basi. Binti yangu ana miaka tisa. Nyumbani tunamwita Hakimu, kwa sababu tangu ana miaka minne, mkigombana mbele yake anawauliza nani kaanza, anasikiliza pande zote mbili, halafu anatoa hukumu. Rufaa hakuna.

Mwaka huo Hakimu akaanza kulalamika mgongo, pale katikati.

"Tumpeleke hospitali," mama yake akasema.

"Mke wangu, mimi nafanya kazi kliniki ya mgongo. Nitaonekanaje nikipeleka mgongo sehemu nyingine?"

"Mganga hajigangi."

"Mimi siyo mganga. Mimi ni karani."

Akanikata jicho. Mimi nikaona nimeshinda.

Hakimu akaandikwa namba arobaini na saba. Alitibiwa mara tano, na shule zikitoka alikuwa anakuja kunisubiri pale kwenye benchi mpaka nimalize kazi twende nyumbani. Mara zote tano alimaliza kwa kushika uso unaocheka. Baada ya mara ya tano akaacha kabisa kulalamika.

Mama yake akasema mtoto anaamka usiku kalowa jasho. Nikasema joto. Akasema sare ya shule inampwaya. Nikasema anarefuka.

Kitu kimoja nilikiona mwenyewe, nikakifurahia. Akiangusha kitu hainami. Anachuchumaa taratibu, mgongo wima, anaokota, anainuka kwa kushika mapaja yake. Nikawaambia majirani matibabu yamempa mtoto hadi adabu ya kuokota.

Mwezi ulipoisha nikafungua daftari, nikaandika mbele ya jina la binti yangu: amepona. Mwandiko mzuri kabisa.

Hapo ndipo akaingia Mtafiti.

Fundi alitaka kuwafundisha wenzake tiba ya watoto. Chama chao kikamwambia hakuna shida, ila kwanza lete matokeo yaliyopimwa na mtu wa nje. Akaletwa dada mmoja mwembamba, mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Akakaa na daftari langu nusu siku nzima.

"Watoto mia moja na kumi na wawili," akasema. "Mia moja na nane wamepona."

"Ndiyo," nikasema. Nilikuwa nasubiri pongezi.

"Nani kasema wamepona?"

"Hawajarudi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akaniuliza kama nina namba za simu za wazazi.

Akaniandikia maswali matano. Masharti yake yalikuwa haya: nimpigie mtoto akiwa kwao, siyo kliniki. Niongee na mtoto mwenyewe, mzazi asimjibie. Nisome swali lilivyoandikwa, nisimsaidie, nisiseme "umepona, sivyo?" Na nianze kwa kumwambia jibu lolote ni sawa, haitwi kurudi.

Nikaona anapoteza muda wetu. Nikaanza kupiga kuanzia namba arobaini kwenda mbele, wale wa karibuni kwanza.

Mtoto wa kwanza, wa kiume, miaka minane.

"Leo mgongo wako unauma?"

Mtoto akanong'ona:

"Fundi yuko hapo?"

"Hapana."

"Kweli hayupo?"

"Hayupo."

"Basi unauma."

Nikaandika. Nikadhani huyo ni mtundu tu.

Wa pili akasema amepona kabisa, na mama yake akanyang'anya simu kunieleza jinsi Fundi alivyo na mkono wa baraka. Wa tatu alipona, lakini baada ya kuacha kubeba begi la kaka yake pamoja na la kwake. Wa nne akauliza kama Fundi yuko hapo. Wa tano akauliza kama Fundi yuko hapo.

Kufikia wa ishirini nilikuwa naanza mwenyewe: "Habari yako, Fundi hayupo."

Katika watoto arobaini wa kwanza, kumi na tisa bado walikuwa wanaumwa. Na karibu wote, nilipofika swali la nne, lile linalouliza "siku ile ulishika uso gani na kwa nini", walinijibu kitu kimoja kana kwamba wamekariri darasani: nilishika unaocheka ili niende nyumbani.

"Nani alikwambia hivyo?" nikamuuliza mmoja, ingawa swali hilo halikuwemo.

"Dada wa kwenye benchi."

"Dada gani?"

"Yule wa kwenye benchi," akasema, na kukata simu.

Nikaripoti kwa Mtafiti. Yeye akaandika bila kuinua kichwa, halafu akasema, "Namba arobaini na saba haijapigiwa."

"Huyo ni binti yangu. Nalala naye nyumba moja. Amepona."

"Nani kasema?"

Nikaanza kupanga kalamu mezani.

"Mpigie kama ulivyowapigia wenzake," akasema. "Sauti ileile, maswali yaleyale. Na usikae naye chumba kimoja. Ukimwangalia, utamjibia kwa macho."

Ndiyo maana Jumamosi ile nilikuwa sebuleni nampigia mtu wa chumbani, kwenye simu ya mama yake.

"Haloo," akasema Hakimu.

"Habari. Napiga kutoka kliniki ya mgongo. Jibu lolote ni sawa, huitwi kurudi."

Alijua ni mimi, mlango haufungi. Lakini nadhani aliamua kwamba kama baba kaamua kuwa mgeni, basi na yeye atakuwa mgeni.

"Sawa," akasema. "Uliza."

"Swali la kwanza. Leo mgongo wako unauma?"

"Jibu anaandikiwa nani?"

"Mtafiti."

"Mwambie unauma."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Sikuandika kitu.

"Swali la pili. Kama ungeshika uso, ungeshika upi?"

"Ule wa karibu na mwisho."

Huo ni nane.

"Swali la tatu. Umeanza kuuma lini?"

"Haujawahi kuacha."

Hapo nikaisahau sauti yangu ya kliniki. Nikajikuta nauliza, "Sasa mbona hukusema?"

"Hilo ni swali la ngapi?"

"Halimo."

"Basi silijibu."

Nikasoma yaliyobaki. Sikumbuki nilivyosoma. Mwisho nikamwambia asante kwa muda wako, kama nilivyowaambia wote.

"Subiri," akasema. "Wewe unamjua baba yangu?"

"Namjua."

"Usimwambie. Ataaibika kazini kwake."

Nikasema sitamwambia. Nikakata simu, nikakaa pale kwenye kochi, nikalia kimyakimya kama mtu anayeogopa kuamsha wageni. Mke wangu akarudi na ndoo tupu. Safari hii aliuliza.

Jumatatu asubuhi tulikuwa hospitali. Daktari alikuwa mama wa makamo, sauti nzito. Hakuanza na mgongo. Alimwuliza Hakimu habari za shule, na katikati ya maongezi akaangusha kalamu.

"Niokotee, mama."

Hakimu akachuchumaa taratibu, mgongo wima, akaokota, akainuka kwa kushika mapaja. Nikataka kusema unaona adabu hiyo. Nikamwona daktari hatabasamu.

"Ameanza lini kuokota hivyo?"

"Kama miezi mitatu," akasema mke wangu.

Picha ikapigwa. Vipimo vikachukuliwa, sindano ikaingizwa, siku zikapita. Halafu daktari akatuita, akabandika picha kwenye taa, akatuonyesha sehemu mbili za uti wa mgongo zilizolika kingo.

"Kifua kikuu," akasema. "Kimeingia kwenye mfupa."

"Lakini hakohoi," nikasema.

"Hiki hakihitaji kikohozi. Mtoto anainama kwa magoti kwa sababu mgongo unakataa kukunjwa. Mmewahi, lakini siyo sana. Pingili hizi zingebonyea, miguu ingekufa ganzi, tungekuwa tunaongea mengine hapa." Akageuka. "Kuna mtu amekuwa akiubana mgongo huu?"

"Yupo mtaalamu," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Mara tano."

"Na wewe baba ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale. Nilikuwa naandika."

Akaniangalia kwa muda. Mke wangu akaangalia dirishani. Sijawahi kutukanwa kimyakimya namna ile.

Hakimu akalazwa. Dawa za mwaka mzima, mshipi mgumu wa kushikilia mgongo, na amri ya kutobanwa na mtu yeyote.

Siku ya tatu, saa ya kuona wagonjwa, Fundi Mgongo akaja. Alikuja na Mtafiti, na chini ya kwapa Mtafiti alikuwa na daftari langu. Fundi alionekana mzee ghafla. Akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda, mikono yake mikubwa kaifungia mapajani kana kwamba anaiogopa.

"Mjukuu wangu," akasema. "Nilikuwa nakuumiza?"

Hakimu akafikiria pande zote mbili.

"Ndiyo. Lakini mikono yako ina joto, inapendeza kabla hujabana."

Fundi akaitikia kwa kichwa mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Mtafiti naye akamsogelea Hakimu. "Mama, kuna kitu natafuta. Watoto wengi niliowapigia tena wananiambia kuna dada alikuwa anakaa kwenye benchi, anawafundisha cha kujibu. Wewe ulikuwa unakaa pale kila siku. Unamjua?"

"Namjua," akasema Hakimu. "Ni mimi."

Nikashika chuma cha kitanda.

"Walikuwa wanalia pale korido," akaendelea, bila wasiwasi wowote, kama anasoma hukumu. "Nikawaambia, ukishika unaolia unarudiwa. Ukishika unaocheka unaenda nyumbani. Wadogo zaidi nilikuwa nawaonyesha na kidole, ni ule wa kushoto."

Watoto mia moja na nane. Fundi alikuwa ameshaanza kuandaa hotuba ya kuwafundisha wenzake. Daftari langu lilikuwa linaenda kuonyeshwa kwa watu. Na kumbe nusu ya uponyaji ule uliletwa na mtoto wa miaka tisa, mgonjwa kuliko wote, aliyekuwa anawaonea huruma wenzake.

"Hakimu," nikasema, na nilijaribu kuifanya sauti iwe ya baba. "Kwa nini uliwafundisha watoto wenzako kusema uongo?"

Akaniangalia. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mimi nilianza na ukweli, baba. Siku ya kwanza nilisema mara mbili. Uliandika. Halafu ukafuta."

Mtafiti akafungua daftari bila kuambiwa. Akafika arobaini na saba, akainua ukurasa kuelekea dirishani. Pale kwenye safu ya "baada" karatasi ilikuwa imekuwa nyembamba, mwanga unapita. Ukikodoa macho unaona nane. Chini ya nane, nane nyingine. Na juu yake sifuri yangu, nimeichora duara zuri.

Akafunua kurasa nyingine. Ukurasa baada ya ukurasa, safu ile ile, karatasi imechakaa.

Fundi akaweka uso kwenye ile mikono yake.

Mimi nikakumbuka. Nakumbuka siku ile Hakimu alishika uso wa karibu na mwisho, akaniangalia mimi, siyo Fundi. Nikamfanyia ishara kwa macho, kwamba usinitie aibu, mwanangu. Akarudishwa kitandani. Akashika uleule, akaniangalia tena. Nikafanya ishara ileile. Mara ya tatu hakuniangalia.

Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya bosi wangu, mbele ya mama yake na mgonjwa wa kitanda cha pili. Nikamwambia nimekosa mimi, siyo yeye. Akauliza kama nimemaliza, nikasema ndiyo, akasema nimesamehewa ila nisirudie.

Mengine nitasema kwa ufupi. Tuliwapigia wote waliobaki. Wale wote ambao bado waliumwa tuliwaelekeza hospitali wapimwe kwanza, na namshukuru Mungu hakuna mwingine aliyekutwa na kitu kama cha Hakimu. Fundi aliondoa mwenyewe maombi yake ya kufundisha. Siku hizi mtoto akishika uso unaolia, Fundi anasema asante, anamwambia ashuke kitandani, matibabu yameisha kwa leo. Matokeo yake yameshuka vibaya sana. Mtafiti anasema ndiyo mara ya kwanza yana maana.

Mimi nimeacha penseli. Naandika kwa wino.

Hakimu yuko mwezi wa saba wa dawa. Ameongezeka mwili, sare inambana. Kila jioni baada ya kumeza vidonge namuuliza mgongo unasemaje. Siku nyingine anasema hauumi. Siku nyingine anasema unauma. Mwanzoni alikuwa akisema unauma ananitazama usoni, anasubiri kuona nitafanya nini.

Nasema, "Asante kwa kuniambia." Naandika. Sifanyi kingine.

Ilimchukua wiki tatu kuacha kunitazama.

Kama una mtoto, chukua hili kutoka kwangu bure, mimi nimelinunua ghali. Mtoto hadanganyi kwa sababu ni mwongo. Anadanganya kwa sababu alishasema ukweli, akaona ulichomfanya. Kwa hiyo kabla hujamuuliza kama amepona, jiulize kwanza: akisema hapana, atapata nini?